Amesema Anashukuru

Voi, Jumatano, 1 Oktoba 1969

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako, lifunge. Ukishindwa kulifunga, soma peke yako kisha unyamaze. Usimwambie mkeo, usimdokezee rafiki, usilitaje hata kwa mzaha mezani. Niliapa kutotoa nje mambo ya mahakama, na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Neno moja likivuja nitarudishwa mlimani kulima maharagwe. Sina ubaya ninaotaka kuuandika. Ni kwamba maneno yakinijaa kifuani usingizi haunijii.

Mimi ni karani mdogo na mkalimani. Watu wa milimani wanasema Kidawida, mimi nageuza kwa Kiingereza, hakimu anaandika. Hakimu wetu ametoka Uingereza juzi juzi na Kiswahili chake ni “jambo” na “chai”. Karani mkuu, Bwana Mbuvi, Mkamba aliyezeeka katika kazi hii, huniita meno ya bandia ya hakimu. “Bila wewe, Donald, mzee wa watu hawezi kutafuna hata uji.”

Ijumaa, 3 Oktoba

Homa ya mafua inayotajwa redioni imefika kwetu. Afisa wa afya ameamuru kila mtoto na kila mwalimu afunge kitambaa puani na mdomoni awapo darasani. Nasi mahakamani tumeshonewa. Changu kinanuka wanga.

Dada yangu Mable, aliye darasa la sita katika shule ya Kishamaru, anasema Mwalimu Danson, mkuu wa shule, hukagua vitambaa kila asubuhi na hulipia kwa mfuko wake vya watoto wasio na mama. Sishangai. Mwalimu Danson alinifundisha mimi pia, na ndiye aliyeniandikia barua ya kuombea kazi hii. Wangekuwepo kumi kama yeye, Taita ingekuwa mbali.

Jumatatu, 6 Oktoba

Joto. Hakuna mvua. Mbuvi amelala juu ya faili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Watoto wawili wa Kishamaru wamezikwa, wote wa darasa la pili. Mable anasema Mwalimu Danson alibeba jeneza moja begani mwake mwenyewe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo amekuja mtu wa Kishamaru aitwaye Mwandawiro, amevaa koti la marehemu fulani mnene. Nyuma yake binti yake, Dinah, wa darasa la saba, amevaa sare na kitambaa kimefungwa vizuri kuliko changu. Mwandawiro hajui kusoma. Anataka kuishtaki kamati ya shule.

“Kwa kosa gani, mzee?” nikamuuliza.

“Wamemfukuza mtoto. Mtihani unakuja. Nataka hakimu aseme arudi aufanye.”

“Wamemfukuza kwa sababu gani?”

“Alifungua kitambaa.”

“Basi si ni kosa lake?”

“Alikifungua kwa ajili yangu,” akasema, akanitazama kama mtu aliyemaliza maelezo.

Mbuvi akacheka hadi akashika tumbo. “Andika, karani, andika! Nchi yote imeshikwa na mafua, na huyu ameshikwa na kesi.”

Nikamwandikia madai yake. Niliona aibu kidogo. Mtu mzima mwenye akili angekwenda kumwomba Mwalimu msamaha, yakaisha.

Jumatano, 22 Oktoba

Kesi imesikilizwa. Nimechoka lakini lazima niiandike.

Mwalimu Danson alisimama kwa niaba ya kamati akatoa ushahidi kwa Kiingereza safi, kila neno na suti yake. Alisema ana watoto mia tatu wa kulinda, ameshazika wawili, na mtu huyu alikuja mbele ya shule, akamwamuru binti yake afungue kitambaa, akamtemea mate usoni. Kwa hiyo amemfukuza mtoto muhula wote, mtihani ukiwa ndani yake, ili wengine wajifunze.

Kisha zamu ya Mwandawiro. Alianza kwa kukataa neno moja.

“Sikutema. Nilitasa.”

Ilibidi nimweleze hakimu kutasa ni nini. Sijui kama nilieleza sawasawa, maana ni jambo ambalo sisi hatulielezi, tunalifanya tu. Mama yangu hulifanya, ingawa huimba kwaya. Mtu akiwa na hasira na ndugu yake, hasa mzazi na mtoto, hasira ile haikai bure. Humwendea yule mtoto, akaugua au akashindwa na kila anachokigusa. Kwa hiyo mwenye hasira huchukua funda la pombe ya miwa, au la maji, akalipuliza nje, akasema maneno ya amani. Kilichokuwa moyoni kimetoka kwa mdomo.

Mwandawiro alisema asubuhi ile Dinah aliacha mbuzi wakaingia kwenye maharagwe. Alimfokea, “Nenda, na usirudi!” Mtoto akaenda. Baba akabaki amesimama, neno lake likamtisha yeye mwenyewe. Mtihani u karibu, watoto wanakufa, na yeye amemtuma mtoto wake njiani na neno kama lile. Akapiga funda, akakimbia kumfuata hadi lango la shule, na mtoto akafungua kitambaa aipokee amani.

“Mbona hukumwita asimame?” hakimu akauliza.

“Ningemwitaje, na mdomo umejaa?”

Watu walicheka. Jirani yake akaitwa, mama mmoja mzito, akathibitisha kwa uchungu, “Alinipita mashavu yamevimba kama chura. Nikamsalimia, hakuitika. Nikajua hapa kuna tasa, si dharau. Lakini bado nilikasirika kidogo.”

Hakimu naye alicheka, kisha akawa mkali. Akauliza lango la shule ni darasa? Mwalimu akajibu kwamba lango ni lake. Mwandawiro akasema lango ni la Mwalimu lakini barabara ni ya watu, na mguu mmoja wa Dinah ulikuwa barabarani. Hakimu akaisoma amri mara mbili, akasema inaamuru kitambaa kivaliwe. Haisemi asiyevaa afukuzwe. Nikamwona Mwalimu akivuta ukosi wa shati.

Mwisho hakimu akasema hapendi kukata kwa sheria kile ambacho majirani wanaweza kukifungua kwa mikono. Wakapatane nyumbani, karani Donald awepo, alete habari. Wasipopatana, warudi tarehe 14 Novemba.

Nilipokuwa nakusanya karatasi Mwalimu aliniambia, “Umetafsiri vizuri, kijana wangu. Lakini ungeweza kusema ‘kutema’. Ndiyo maana yake.” Nikasema ndiyo, Mwalimu. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mawingu yamekaa juu ya mlima Sagalla siku nzima bila kufanya kazi.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua imeanza, na upatanisho umekufa.

Tulikutana nyumbani kwa Mwandawiro. Mwalimu alifika na mwavuli na viatu vya mpira, kitambaa usoni. Ndani mlikuwa na wazee wachache, shangazi yake Mwandawiro, na mtoto mchanga akinyonya kwenye kona. Maneno yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwandawiro alikubali kwamba wakati huu wa homa angemwita mtoto pembeni. Mwalimu akakubali kwamba Dinah atarudi Jumatatu. Nilianza kuandika.

Ikabaki kumaliza. Mwandawiro akachukua kata ya pombe ya miwa, akaenda mlangoni, akapuliza nje kwenye mvua. “Kama nilimwonea uchungu Mwalimu, uende. Awe na amani, na shule yake, na watoto wake.” Akamletea Mwalimu kata.

“Mimi nimekwisha samehe,” Mwalimu akasema, “kwa jina la Bwana.”

“Umesamehe ukiwa umejifunika?” shangazi akauliza. “Hiyo hasira itapitia wapi, masikioni?”

Walicheka, na Mwalimu naye macho yake yalicheka. Akateremsha kitambaa, akapiga funda. Kisha akasimama.

Nilikuwa karibu naye. Nataka niandike nilichokiona, kwa sababu wote waliokuwemo wataeleza vingine. Haikuwa jeuri. Alimtazama mtoto mchanga. Alitazama mlango, na mlangoni walikuwa wamejaa watoto wa jirani waliokimbia mvua. Kwa wiki nne amewafundisha watu kwamba maradhi hutoka mdomoni, na sasa mdomo wake umejaa na hana pa kupulizia pasipo na sura ya mtoto. Akameza.

Akapandisha kitambaa. Mvua ikaendelea kupiga mabati.

“Amemeza,” shangazi akasema polepole.

“Mwalimu,” Mwandawiro akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya hofu, “umeiweka ndani.”

“Nimefanya kwa usafi.”

“Hasira haimezwi, Mwalimu. Umemeza na jina la mtoto wangu.”

“Nimekuja hapa kwenye matope, nimekunywa pombe mimi mtu wa kanisa, bado mnanifundisha namna ya kunywa?”

Mtoto mmoja mlangoni akacheka. Hakumcheka Mwalimu, alikuwa amesukumwa na mwenzake. Lakini Mwalimu aligeuka kama aliyechapwa. Akatoka bila mwavuli.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Nimemwambia Mbuvi wafanye tena, kwa maji, nje uwanjani. Akasema, “Mwanaume akishachekwa harudii shughuli.”

Jumamosi, 8 Novemba

Mwalimu Danson amekuja chumbani kwangu, hapa mtaa wa Kaloleni. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani kama mwanafunzi. Kitambaa chake kilikuwa mfukoni, na alikohoa mara kadhaa bila kuziba mdomo. Nilimwangalia, naye akaniona nikimwangalia.

“Mimi si mtoto, Donald.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Akauliza habari za kazi, akauliza majaribio yangu yanaisha lini. Kisha akasema Mable anaendelea vizuri, ana kichwa kama changu, na mwaka ujao ataingia darasa la saba. “Ningependa aendelee. Shule inahitaji watoto wa nyumba zenye adabu.”

“Asante, Mwalimu.”

“Yule mzungu hajui mtihani ni lini. Anadhani ni mwisho wa muhula, kama kwao. Hakuna haja ya kumjulisha. Akiulizwa mtu, mtu anyamaze. Sikuombi useme uongo, kijana wangu. Nimewahi kukufundisha uongo?”

“Hapana, Mwalimu.”

Ni kweli, kwenye madai sikuandika tarehe ya mtihani. Siku ile sikuijua. Sasa naijua, kila mtu anaijua: Jumanne tarehe 18.

Aliondoka akaniachia nusu mkate. Nimeutupa, kisha nimetoka nikauokota, kwa sababu watu wangeuliza nani anatupa mkate.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua imekata barabara ya mlimani. Nilifurahi. Nikadhani hawatafika.

Ijumaa, 14 Novemba

Walifika. Mwandawiro na Dinah walianza kutembea jana, wakalala kwa watu. Matope yaliwafika magotini. Kitambaa cha Dinah kilikuwa safi. Nadhani alikibeba mfukoni akakifunga mlangoni. Mwalimu Danson aliketi benchi la pili, kanyooka, kitambaa kimefika hadi chini ya macho.

Hakimu alikuwa na haraka. Alisikia maji yanakula tuta la reli, akataka kurudi kwake Mombasa kabla njia haijafungwa. Alipitisha kesi za wizi wa mbuzi kama mtu anayekunja nguo. Ilipoitwa ya Mwandawiro alifungua faili, akaniuliza kama wamepatana. Nikasema hapana. Akapumua. Akaniuliza, kwa Kiingereza, maneno ambayo nitayasikia nikizeeka: kuna jambo lolote la haraka hapa, au inaweza kungoja tarehe 12 Desemba?

Hakuniuliza kwa mtego. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza mwenyeji njia.

Nikamtazama Mwalimu. Hakufanya lolote. Hata hakupepesa.

“Hakuna, Mheshimiwa,” nikasema.

Hapo ningekuwa nimenyamaza tu, kama nilivyoombwa, na labda ningejitetea. Lakini nilikuwa mkalimani. Ilibidi nigeuke nimwambie Mwandawiro tarehe aliyopewa. Akasikiliza, kisha akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

“Desemba? Mtihani ni Jumanne. Mwambie. Mwambie hatubishani tena juu ya lango, wala mate, wala nini. Ashtakiwe baba, mtoto aingie. Hata akae nje ya dirisha na kitambaa chake. Jumanne, kijana wangu, mwambie Jumanne.”

Hakimu alikuwa ameshasimama, kofia mkononi. “Anasema nini?”

Nilikuwa na neno lile kwa Kiingereza. Lilikuwa tayari mdomoni, kamili, na jina la siku ndani yake.

“Anashukuru, Mheshimiwa.”

Hakimu akatabasamu, akamwinamishia Mwandawiro kichwa kwa heshima, akatoka.

“Mbona anacheka?” Mwandawiro akaniuliza.

“Ndiyo desturi yao,” nikasema. “Amekusikia, mzee. Amesema sheria haina njia.”

Dinah alikuwa akinitazama. Yeye amesoma Kiingereza miaka saba. Alikuwa nyuma, mvua ilikuwa inapiga mabati, sijui alisikia kiasi gani. Alimshika baba yake mkono wakatoka.

Mbuvi alinikuta kwenye chumba cha faili. Anajua Kidawida cha sokoni. Hakuleta mzaha wowote. Akasema, “Jumanne niliisikia hata mimi,” akaenda kunywa chai. Naye ana watoto wanaosoma. Hatasema.

Jumamosi, 15 Novemba

Reli haikukatika.

Jumatatu, 17 Novemba

Ningeweza kupiga simu Mombasa. Simu iko ofisini. Niliifuta vumbi.

Jumanne, 18 Novemba

Mtihani.

Jumamosi, 22 Novemba

Mable ameshuka kumnunulia mama chumvi na mafuta ya taa. Anacheka na kueleza kama watoto wanavyoeleza, bila kujua anaeleza nini.

Dinah alikuja Jumanne, akasimama nje ya ua wa shule kwenye mvua, kitambaa usoni. Mwalimu Danson akafunga dirisha la upande ule kwa mkono wake. Wakati wa mapumziko watahiniwa wakamwendea penye ua, akawaomba wamwambie maswali ya hesabu. Akawa anayafanya chini kwa kijiti, kwenye matope, akifuta kwa mguu. “Alipata zote, kaka! Hata ile ya tangi la maji ambayo wavulana wote wamekosa. Wakamwambia rudi ndani na sisi. Akasema hakimu alikataa.”

Nikamwambia Mable asiseme hayo tena. Akaniuliza kwa nini. Nikamkaripia. Akachukua chumvi yake akaondoka.

Nilikuwa nikidhani Mwalimu Danson ni mtu mkubwa na Mwandawiro ni mshamba. Hata sasa siwezi kusema amri ile ilikuwa mbaya. Tangu vitambaa vianze hakuna mtoto mwingine aliyezikwa Kishamaru, na ni kazi ya Danson. Amewaokoa wote. Akachagua mmoja wa kukanyaga, mimi nikamshikia.

Jumatano, 26 Novemba

Mwandawiro amekuja ofisini na mzigo wa miwa begani. Nilidhani amekuja kunipiga. Niliomba moyoni anipige.

“Nimekuletea hii,” akasema. “Ulinisemea. Niliona ulivyonisemea, mpaka ukatoka jasho. Yule mzungu ana moyo wa jiwe, lakini wewe una wazazi.”

Mbuvi aliinuka akatoka.

Akaniambia Mwalimu Danson amekataa Dinah arudie darasa la saba mwaka ujao. Anasema darasa limejaa. Kwa hiyo tarehe 12 Desemba ndiyo iliyobaki. Hakimu akiamuru, mtoto atarudia na kufanya mtihani mwakani. Asipoamuru, basi, kuna mbuzi wa kuchunga. “Utakuwepo unisemee tena?”

Nikasema nimeomba likizo, nitakuwa Taveta.

“Basi nani atanisemea?”

“Atakuwepo mwingine, mzee.”

Alifikiri, kisha akatoa kibuyu kidogo ndani ya koti lile kubwa. “Kabla hujaenda safari, njoo nikutasie. Sina hasira nawe, ila kijana anayesafiri abarikiwe. Nimekuchukua kama mwanangu.” Akaondoa kizibo. Nilisikia harufu ya miwa iliyochachuka, harufu ya nyumbani kwetu.

Nikarudi nyuma hadi ukutani. Nikapandisha kitambaa changu, nikakaza fundo.

“Amri hairuhusu, mzee,” nikasema.

“Amri ni ya darasani.”

“Ni ya kila mahali.”

Alinitazama kwa upole, kama anayemhurumia mtu aliyesoma sana. Akaziba kibuyu chake. “Basi nitakuombea nikiwa nyumbani,” akasema, akaniachia miwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Dinah,

Daftari hili nimempa Mable akupe mkononi. Hajalisoma. Wewe lisome lote, kisha mwambie baba yako alichosema mkalimani siku ile. Mwambie kwa maneno yaleyale, usinipunguzie. Hasira yake ina haki ya kunifikia.

Nimeshindwa kumwambia hakimu mwenyewe. Nimejaribu kuandika barua mara mbili, na mara zote mbili iligeuka ikawa barua ya kuomba likizo. Kwa hiyo itabidi uje unichukue, unifikishe mbele yake.

Panda gari la moshi la Taveta. Ukishuka stesheni, usiulize jina langu, uliza Tryphena, dada yake mama yangu, anayeuza ndizi mbivu pale siku ya soko. Kama si siku ya soko, shika njia ya Mboghoni, ufuate mfereji mkubwa wa maji upande wa kulia mpaka uone nyumba ya mabati katikati ya migomba, yenye mlango wa kijani. Mimi nitakuwa chumba cha nyuma. Njoo na baba yako, na mje kabla ya tarehe 12, tuwahi gari la kurudi.

Nikichelewa kufungua, pigeni dirisha. Nikisema naumwa, mwambieni Tryphena awaeleze kama ni kweli. Yeye hajui kuficha. Nikisema sikumbuki, au nikianza kuwaeleza habari za kiapo na majaribio na Mable, msinisikilize. Simama uani, Dinah, fungua tarehe 14 Novemba, usome kwa sauti. Soma kwa Kidawida, majirani wa pale wengi ni wetu, wataelewa. Usiache kusoma mpaka nitoke.